Saa ya Kumtembelea Mama

Zegani, Svaneti ya Juu,
Alhamisi, 5 Aprili 2018.

Mpendwa Shangazi Lamara,

Kabla hata sijakuamkia, nakusihi: kila neno humu libaki kati yetu. Ukishasoma, itie barua hii motoni.

Shikamoo, Shangazi. Goti linaendeleaje? Sisi wazima. Baba anakula vizuri, na ng'ombe mweupe amezaa ndama jike. Soksi ulizonifumia ninazivaa hata kitandani.

Joto limepanda ghafla. Usiku theluji haigandi sawasawa, na jua likishapanda mguu unazama hadi gotini. Jana nilikuwa makaburini, chini ya ule mteremko. Niliona vibonge vya theluji vikijiviringisha vyenyewe kutoka juu, na ufa mrefu karibu na kilele. Niliomba ofisini tuifunge njia ya makaburini. Mkuu wangu akasema, "Wageni wa Pasaka wakikimbia, nawe utawafuata."

Jumatatu ya Pasaka tunakwenda kaburini kwa Mama. Unamjua Baba, huyo mdogo wako: atatoka baada ya chakula cha mchana, atammiminia mvinyo, kisha atawataja marehemu wote mmoja mmoja, na hakuna wa kuinuka kabla ya bilauri ya mwisho. Jua litakuwa linaupiga mteremko muda wote huo, na theluji yote inaweza kutuporomokea.

Nilimwomba twende alfajiri, theluji ikiwa bado ngumu kidogo. Alicheka. "Binti, mama yako hakuwahi kuamka kabla ya jua. Leo ndiyo nikamgongee?"

Nikamwambia naogopa. "Umeajiriwa kupima theluji," akasema. "Bilauri zangu ziache." Kisha akarudi kuyapaka rangi nyekundu mayai atakayomwekea Mama kaburini, taratibu, yai moja moja.

Shangazi, wewe ulimlea. Hamtii mtu ila wewe. Mpigie Jumamosi. Mwambie unataka kumsalimu Mama kwa simu alfajiri ya Jumatatu, yeye akiwa kaburini, kabla hujatoka nyumbani, na kwamba marehemu wengine mtawanywea pamoja akisharudi. Akitangulia yeye, kijiji kizima kitamfuata, maana kila mwaka bilauri za marehemu huongozwa na yeye. Usinitaje. Mkuu wangu ni rafiki yake, na Baba hajui kuficha kitu.

Nisalimie Tekle na mumewe, na mtoto Luka umbusu kwenye shavu lenye kishimo. Mungu akupe Pasaka ya amani, na akuponye goti.

Wako akupendaye,
Nestan

Barua hii anakuletea Vakhtang, dereva. Usinipigie ofisini, na simu yetu ya mkononi anakaa nayo Baba. Piga dukani kwa Marekhi Jumapili jioni. Nitakuwa pale, ila watu watakuwa wanasikiliza. Baba akiwa amekubali, niulize kama soksi zimenitosha. Akiwa amekataa, niulize kama zinabana. Nitaelewa, na Jumatatu nitakaa ubavuni pake hadi bilauri ya mwisho.