Tarehe Niliyoirekebisha Kwenye Simu ya Kinyozi

MAELEZO YA SHAHIDI

Shauri: Kuvunja kioo cha kaunta, kituo cha huduma cha kampuni ya simu
Shahidi: Mama Bisibisi, kama anavyojulikana na wote (jina la kitambulisho limo ndani ya jalada)
Umri: Miaka 46
Kazi: Fundi simu
Makazi: Vyumba viwili vya kupanga, nyuma ya ghala la saruji
Tarehe: 10 Juni, Jumatano. Maelezo yameanza saa 5:15 asubuhi

Nimekuwa fundi simu kwa miaka kumi na tisa. Kituo cha polisi nimewahi kuingia mara moja tu, kumrekebishia afande mmoja tundu la chaja, nikamaliza nikaondoka. Nimeonywa niseme kweli na nitaisema, hata pale inaponichoma mwenyewe. Afande ameniomba nianze na jinsi ninavyomfahamu mtuhumiwa.

Mtuhumiwa ni kinyozi. Mtaani kwetu wote tunamwita Redio. Kibanda chake na changu vimetenganishwa na ubao mmoja wa plaiwudi, na kwa miaka minane nimesikia kila alichosema, nitake nisitake. Alikuwa hanyamazi. Akiwasha mashine ya kunyolea na mdomo nao unawaka. Watu walikuwa wanakuja kukata nywele ambazo hata hazijaota, ilimradi wakae wamsikilize. Nilikuwa nagonga ule ubao namwambia, "Wee Redio, punguza, mwenzio nimeshika waya mwembamba huku!" Naye anajibu, "Vumilia, mama, betri imejaa." Leo natamani anikere hivyo tena.

Mwezi wa kumi mwaka jana madaktari walimkuta na uvimbe kooni. Walimwambia watatoa mahali sauti inapotokea, na kwamba hataongea tena maisha yake yote. Alikuja kwangu na simu yake mkononi, akasema, "Mama Bisibisi, wewe unafufua simu zilizotumbukia chooni. Basi nihifadhie sauti." Alikuwa anacheka. Mimi nilishindwa.

Tulirekodi kwa siku tatu mchana, mlango nimeufunga, feni nimeizima, jasho linatutiririka sote. Tulipata sentensi mia moja na nane, zote kwa sauti yake. Zilikuwepo za kazi: "Inamisha kichwa," "Tulia usije ukakatwa." Ilikuwepo ya mteja analalamika amenyolewa vibaya: "Wacha kelele, zitaota tena." Ilikuwepo yangu: "Mama Bisibisi, umeamka au nije nikutengeneze?" Na ilikuwepo ya mke wake, kwa sababu mke wake hafungui mlango kwa kugongewa tu, anataka asikie ni nani. Hiyo ilisema: "Hodi, mke wangu. Ni mimi." Hiyo moja tuliirudia mara saba, maana kila akifika katikati ilimshinda.

Baada ya upasuaji alikuwa anafungua orodha kwenye simu anabonyeza sentensi anayoitaka. Lakini kuna mambo hayangoji mtu atafute kwenye orodha. Kwa hiyo vitufe vya ubavuni vya kuongezea sauti nilivigeuza kazi. Akibonyeza mara moja, simu inasema, "Ngoja kidogo!" Akibonyeza mara mbili, inasema, "Siwezi kuongea, nimefanyiwa upasuaji wa koo, naomba unisubiri niandike."

Kampuni iliyotengeneza simu ile hairuhusu mtu kubadilisha kazi ya vitufe. Ili niweze, ilinibidi nivunje kufuli la programu yao. Afande ameniuliza kama nilijua ni kinyume cha masharti yao. Nimejibu nilijua. Simu ni yake, alishainunua. Mtu akinunua suruali akaikata miguu, aliyeishona haji nyumbani kumvua. Afande amesema hilo si swali aliloniuliza. Basi, ila nimeomba liandikwe.

Sasa nieleze jambo la tarehe, kwa sababu ndilo lililotuleta hapa. Kampuni hiyo hutuma sasisho, yaani apdeti, na zikiingia kwenye simu iliyofunguliwa zinaifunga. Dawa yangu ni moja. Simu nikishaifungua, nairudisha tarehe yake nyuma miaka miwili. Simu yenye tarehe isiyo sahihi haielewani na mitambo ya kampuni, kwa hiyo sasisho haliingii. Kupiga na kutuma ujumbe kunaendelea kama kawaida. Mteja namwambia, "Usiiguse tarehe hata ikikuudhi vipi." Wateja wangu wamezoea. Simu zao ziko mwaka juzi na wenyewe wako mwaka huu, na Redio alikuwa ametundika kalenda ya karatasi juu ya kioo chake cha kunyolea.

Mnamo tarehe 8 Juni, Jumatatu, saa 10:30 jioni, mke wa Redio aliingia kibandani kwangu amekasirika. Huyu ni shemeji yangu kwa mazoea, tumezikana na kuozeshana. Alisema, "Dada, hii simu yako imemkosesha mwenzangu kliniki." Nikamuuliza imemkosesha vipi. Akanieleza kwamba nesi aliyemhudumia mara ya mwisho, kwa wema wake, alichukua simu akaandika humo siku ya kurudi ili imkumbushe. Redio akategemea kengele ya simu. Kengele ingelia vipi? Kwa simu ile, siku hiyo ilikuwa bado miaka miwili ije. Siku ikapita, na bomba la shingoni analopumulia likakaa bila kubadilishwa mpaka pakaanza kutoa maji na harufu.

Redio alikuwa amesimama nyuma ya mke wake, kitambaa cheupe shingoni. Alibonyeza simu ikasema, "Wacha kelele, zitaota tena." Shemeji akamgeukia, "Hili nalo la utani?" Lakini alicheka kidogo, na mimi nikaona aibu zaidi kuliko kama angenitukana.

Ndipo nikaichukua simu na kuirekebisha tarehe kwa mkono wangu mwenyewe. Niliweka 8 Juni ya mwaka huu, kengele ya kliniki nikaiweka upya. Nilijua nafanya nini. Nilijiambia kesho nitaizibia njia ya sasisho kwa namna nyingine, na kesho hiyo hiyo nitatoa nakala ya zile sauti niweke kwenye kompyuta. Nakala hiyo nilikuwa nimeahidi tangu mwezi wa kumi. Afande ameniuliza kwa nini sikuitoa miezi yote hiyo. Sina sababu. Alikuwa jirani, nilimwona kila siku, nikaona haina haraka.

Mnamo tarehe 9 Juni, Jumanne, saa 3:20 asubuhi, nilikuwa nafungua duka. Nilisubiri lile neno lake la kila asubuhi, la kama nimeamka, halikuja. Ubao uligongwa, ukagongwa tena. Nilipozunguka nilimkuta amenyoosha simu kwangu. Kwenye kioo palikuwa na maandishi haya: "Kifaa hiki kimebadilishwa kinyume cha masharti. Kimefungwa kwa usalama wako. Fika kituo cha huduma." Nilijaribu kila ninachokijua kwa muda wa saa moja. Haikufunguka. Katika saa hiyo wateja wengine wawili, waliojirekebishia tarehe wenyewe, walikuja na simu zenye maandishi yale yale, nikawaambia wakae pembeni.

Saa 5:05 tulifika mimi na Redio katika kituo cha huduma cha kampuni, ghorofa ya kwanza. Pana viti vya plastiki, mashine ya kutoa namba, na kaunta ndefu yenye kioo kutoka mezani mpaka juu ya kichwa cha mtu. Chini pana mwanya wa kupitishia simu. Tulikuwa namba 41. Kijana wa kaunta alitusikiliza vizuri, sina neno naye. Alisema, "Mama, hii imechezewa. Tutairudisha kama ilivyotoka kiwandani, itakuwa nzuri kabisa." Nikamwambia humo ndani mna sauti ya huyu mtu, na hana nyingine. Akasema mfumo unafuta vyote, hauna namna ya kubakisha. Nikasema, "Basi msiifute. Niitie mkubwa wako." Akasema mkubwa anahitaji nakala ya risiti na ya kitambulisho, na kwamba sehemu ya kutoa nakala iko chini barabarani.

Simu ilibaki ndani ya kaunta. Kabla sijashuka niliandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa, MSIIFUTE KWANZA, nikampa Redio ashike. Nilimwambia, "Kaa hapa hapa, kaka. Nakuja sasa hivi." Hilo ni kosa langu la pili. Ningemtuma yeye na nakala, nikabaki mimi mwenye mdomo.

Nilitumia kama dakika kumi na mbili. Nilipofika mlangoni saa 5:50 niliona haya kwa macho yangu. Yule kijana hakuwepo, alikuwa amekwenda kula. Kwenye nafasi yake alikuwepo dada mwingine, ametupa mgongo, simu ya Redio ameichomeka waya kwenye kompyuta, na kwenye kompyuta mstari wa kijani unajaa. Redio alikuwa ameibandika ile karatasi kwenye kioo kwa mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia alikuwa anagonga kwa kiganja. Aligonga kama mtu anayebisha hodi. Yule dada alikuwa na vidude vya muziki masikioni, hakugeuka. Redio akagonga kwa nguvu, akagonga tena, na kioo kikapasuka kikamwagika chini. Waya ulichomoka na simu ikazimika. Mstari ulikuwa umefika kama robo.

Hakumgusa yule dada. Hakuruka kaunta. Nimeelezwa kwamba jalada linasema alimshambulia mfanyakazi. Alinyoosha mkono kupitia pale palipovunjika ili achukue simu yake, na ndipo mkono ulipokatwa na kioo, mkono wa kulia, anaoshikia mashine ya kunyolea. Damu ilikuwa nyingi. Mlinzi alimlaza kifudifudi akiwa na bomba shingoni. Nilipiga kelele, "Jamani, anapumulia shingoni! Mgeuzeni, mtamuua!" Mlinzi akamgeuza, lakini akasema, "Kama hana nia mbaya, mbona hasemi? Si aseme!"

Afande, mtu yeyote mwingine angepiga ukelele, "Ngoja!" Neno moja tu, na yule dada angegeuka. Redio neno hilo analo. Tulilirekodi mimi na yeye, nikaliweka kwenye kitufe cha kubonyeza mara moja, kwa ajili ya siku kama ile. Lilikuwa upande wa pili wa kioo, linafutwa.

Nimesomewa pia kwamba jana hapa kituoni mtuhumiwa alikataa kujieleza. Hakukataa. Aliulizwa kwa mdomo, na mkono anaoandikia umefungwa bandeji mpaka kwenye vidole. Naomba hilo lirekebishwe.

Nakiri kwamba simu niliifungua mimi, tarehe niliirekebisha mimi, na nakala sikuitoa mimi. Kama kuna mtu wa kulipia haya kwa kulala ndani, mimi ninakuja na shuka langu. Yeye ni mgonjwa, kliniki yake mpya ni kesho Alhamisi saa 2:00 asubuhi, na nimewaletea kadi yake. Tafadhali afike. Jana jioni nilikwenda kumweleza mke wake, nikabisha hodi, akafungua haraka, kisha akaangalia nyuma yangu. Aliniuliza jambo moja tu: "Dada, na ile ya mlangoni imefutika?" Nilimwambia sijui.

Na kweli sijui. Kazi ilikatika njiani, kwa hiyo huenda zipo zilizobaki. Nimeambiwa simu imehifadhiwa hapa kama kielelezo. Naomba sana, na naomba liandikwe kama ombi rasmi: isiwashwe, isichomekwe chaja, na juu ya yote isipelekwe kwa kampuni kwa uchunguzi. Wakiiwasha wao, itaanzia pale ilipoachia na kumaliza. Nipeni mimi, hata mbele ya askari, hata nikiwa na pingu mkono mmoja, nijaribu kuzitoa. Nikishindwa nitamwambia mwenyewe usoni.

Nimesomewa yote niliyoyasema, nimeyatambua kuwa ni yangu, sina la kuongeza wala kupunguza.

Sahihi: Mama Bisibisi
Saa 6:40 mchana

MAELEZO YA AFISA ALIYEANDIKA: Nimeyaandika haya kama shahidi alivyoyatamka, nikamsomea, naye akatia sahihi mbele yangu. Kuhusu ombi lake: kwa mujibu wa kitabu cha vielelezo, simu ilitoka kituoni leo saa 4:10 asubuhi kwenda kwa kampuni kwa uchunguzi. Saa 6:45 mchana nimewapigia wasiiguse. Nimejibiwa kwamba imeshashughulikiwa, inafanya kazi vizuri, na tarehe yake ni sahihi. Shahidi alikuwa bado mlangoni na amesikia. Mtuhumiwa amejulishwa kwa maandishi akiwa mahabusu. Amesoma, na karatasi ameirudisha. Kwa mkono wa kushoto ameandika: "Mwambieni Mama Bisibisi asilie. Nani atamwambia mke wangu?"