Bei ya Painti Imepanda Tena, Mama Neema

Mama Neema wangu,

Imepanda tena. Hata ulipokuwa kitandani ulikuwa unauliza bei ya painti ya bia kabla hujauliza habari za wanangu, basi nakupa habari: imepanda mara mbili tangu tukuzike.

Baa yetu ya Turffontein, ile jirani na uwanja wa farasi, huijui tena. Toni, yule kijana aliyeirithi kwa baba yake, ameweka sakafu mpya ya mbao inayong'aa, na ukutani ubao mweusi anaoandikia bei kwa chaki. Kwa chaki, mwenzangu, ili aweze kufuta haraka! Ukinywa painti mbili sasa hivi umeshakunywa kuku mzima. Anasema ni kodi, anasema ni umeme, anasema ni randi. Kodi ilipanda kweli mwaka jana, hilo simbishii. Lakini kodi haikumwambia aondoe chupa kubwa.

Nazililia zile chupa kubwa kuliko unavyodhani. Chupa moja katikati ya meza, glasi nne, na mpimaji ni wewe, umeinamisha jicho usawa wa meza kama fundi anayepima pindo la sketi. Povu ulikuwa unampa Riziki kwa kuwa Warundi, ulisema, hawalalamiki. Wewe umetoka kwenye cherehani huko mjini, mimi na Chantal tumesuka vichwa vya watu tangu asubuhi, Riziki bado yuko na sare yake ya ulinzi. Nyumbani mimi ni mke wa mtu na mama wa watu. Pale, Ijumaa jioni, nilikuwa mtu tu anayecheka.

Toni alipoziondoa, tukanunua painti moja tukaomba glasi tatu tupu. Akakataa. Ijumaa iliyofuata ukafungua mkoba ukatoa vikombe vinne vya kahawa, umeviviringisha kwenye vipande vya kitenge, ukavipanga mezani bila kumtazama mtu. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Ndipo akaja na sheria yake: kila kiti na painti yake, asiye na painti asikae. Alidhani tutaona haya. Ukamjibu kwa Kiswahili chako cha Bukavu, ambacho haelewi hata neno, "Siye tuko bateja, hatuko baombaji." Akaondoka bila kujua ametukanwa au amesalimiwa.

Halafu ukaugua, ukaenda haraka namna ile. Nina hasira na wewe, acha nikuambie. Nani alikupa ruhusa?

Siku ya kuondoa matanga, tulipotoka kanisani, Chantal alisema tukanywe kwake, dukani bia ni nusu ya bei. Riziki akakubali. Nikasimama palepale kwenye roboti, chini ya taa za barabarani, na magari yanapiga honi, nikawaambia mimi siendi. Unafuu huo ndio utakaotutawanya. Leo tutanywea jikoni kwa Chantal, wiki ijayo mmoja atakuwa amechoka, mwezi ujao hatutaonana kabisa, na wewe utakuwa umekufa mara ya pili. Walinitazama kama mtu aliyepandwa na mori. Tukachanga, tukaingia mchana kweupe na vitenge vyetu. Painti nne, viti vinne. Cha nne kilikuwa chako. Toni alihesabu kwa macho, akarudi kaunta.

Kosa tulilifanya sisi wenyewe. Chantal aliinua painti yako, akakuita jina, akamwaga funda la kwanza chini, la marehemu, kama mnavyofanya kwenu. Kwenu ni udongo, mama! Pale ni mbao mpya. Bia ikatambaa hadi chini ya meza ya jirani, na Toni akaja mbio, uso umemwiva, akasema tutoke na tusirudi tena. Akasema watu wa nje hatujui kukaa mahali pa watu.

Miaka yote hii niliyoolewa hapa, neno hilo bado linanikata. Lakini nikamjibu kwa Kizulu changu kibovu kwamba tumelipa, kila kiti na painti yake, na tuna marehemu wetu, kwa hiyo hatutoki.

Unamkumbuka yule mzee anayecheza kamari ya farasi, Baba Sithole, ambaye miaka yote hakuwahi kutusalimia? Akauliza nani amekufa. Nikasema, dada yetu. Akavua kofia, akasimama na painti yake ambayo ndiyo kwanza ameipokea, akamwaga kidogo kwenye sakafu ile ile. "Hamba kahle, sisi," akakuaga kwa Kizulu: nenda salama, dada. Kisha akamgeukia Toni akamuuliza kama na yeye atoke. Wa meza ya pili naye akamwaga. Halafu mwingine. Bia ya bei ile, Mama Neema, watu wanaimwaga chini kwa ajili ya mwanamke wasiyemjua! Nililia pale kuliko nilivyolia makaburini. Toni alisimama, akatutazama, mwishowe akaenda kuleta dekio.

Hajatufukuza tena. Bei hajashusha, tusidanganyane. Ijumaa iliyopita kafuta ubao kaandika nyingine. Tunakwenda vilevile. Painti ikinishinda nitaagiza soda, soda ikinishinda nitaagiza maji ya bomba, na nitayanywa polepole huku namwangalia usoni.

Neema yuko kwangu, usihangaike. Anashinda na Tumelo wangu wanaongea Kizulu, nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, na akikasirika anakunja midomo kama wewe hasa. Juzi aliniuliza kwa nini mama yake alikuwa anapenda kwenda mahali ambapo hawamtaki. Nilimwambia hukuwa unakwenda kutakwa, ulikuwa unakwenda kukaa.

Basi lala, mwenzangu, pumzika. Nakuahidi hivi: siku mwanao atakapofikisha umri, nitamshika mkono, nitamwingiza kwa mlango wa mbele, nitamkalisha kwenye kiti chako. Painti yake ya kwanza nitalipa mimi, hata iwe bei gani.

Wako,
Mama Tumelo