Baraza la Langoni

Jumanne, 2 Septemba 2025

Ramani imepita! Kamati nzima ya mtaa imekubali, hata Ami Barakat mwenyekiti, ambaye kwa kawaida hata salamu haitikii bila kuuliza maswali mawili matatu. Miaka yote hii nachora nyumba za watu — jikoni, sebule, choo cha wageni — leo ndiyo mara ya kwanza nimechora mahali pa kucheza, kiwanja cha wasichana. Na papa hapa Magogoni, nyumbani.

Ukuta wa kufika kiunoni, si zaidi. Kamati walitaka mrefu, wa stara. Wasichana wenyewe ndio walionambia hapana, ukuta mrefu huwaficha wabaya, hautufichi sisi. Taa mbili. Choo, mlango wake usielekee njiani. Pembea mbili za watoto na moja pana ya mtu mzima. Hapo Ami Barakat akacheka, akauliza ni mtu mzima gani huyo wa kupembea. Nikamwambia ni mimi.

Lango ni moja tu. Nyuma na ubavuni pana nyumba za watu, hapana pa kutokea. Hilo laniuma kidogo, lakini twende.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimeondoka na furaha, nimerudi na hasira. Phineas, fundi wetu, kajenga baraza langoni. Refu, la saruji, kalilainisha mpaka lang'aa, na mtu akiingia hana budi kupita mbele yake. Kwenye ramani yangu pale pana maua! Phineas asema kaagizwa na mwenyekiti, yeye hakuuliza zaidi.

Nikaenda dukani kwa Ami Barakat huku nachemka. Kanipokea vizuri, kaniagizia soda. Kisha kanambia ile ni sadaka jaria ya marehemu mama yake. Kila atakayekaa akapumzika, thawabu zamfikia mama kaburini.

Haya, niseme nini? Nimwambie abomoe sadaka ya mamake? Nimemaliza soda nikarudi nyumbani.

Jumamosi, 20 Septemba

Kiwanja kimefunguliwa. Wasichana wamejaa, wengine siwajui hata kwao ni wapi. Mueni, jirani yangu, mama wa Kikamba aliyekuwa akicheza netiboli zamani, kawapanga na filimbi yake kama askari. Shaza, binti yangu, miaka kumi na miwili, mwaka mzima hajakimbia ila shuleni — leo kaudaka mpira kwa mkono mmoja. Nimelia. Basi, nimelia, nani asoma hapa.

Jumatano, 24 Septemba

Wazee wamepata pao. Alasiri ikisha, hao barazani na birika lao la kahawa, mmoja na majani ya muguka shavuni. Hawamtukani mtu, lazima niseme haki. Ila kila msichana anayepita — wa nani huyu? Wa fulani. Amekua.

Amekua. Neno moja tu hilo, na magharibi haijaingia limeshafika kwa baba yake. Leo nimekuta watatu kiwanjani, wote wadogo wa kubebwa mgongoni.

Shaza yuko ndani, mpira uko chini ya kitanda. Asema kachoka. Hajachoka. Wallahi namjua mwanangu. Sitakubali azeeke ndani na miaka kumi na miwili.

Jumapili, 28 Septemba

Nimekwenda kwa Bi Kuluthum, dada mkubwa wa Ami Barakat. Mtu pekee mtaani ambaye Ami Barakat humwamkia kwa kuinama. Shikamoo, marahaba, habari za watoto, mpaka tukafika penyewe. Kanisikiliza huku achambua mchele, ungo mapajani, hakuinua macho. Mwisho kanambia: simsemi ndugu yangu kwa watu, mwanangu. Nikaaga.

Nipo mlangoni navaa viatu, akaniuliza kama ile pembea kubwa ni imara. Nikamwambia yamhimili yeyote. Akasema aa. Basi.

Mueni asema upuzi huu wote wa nini, twende tuongee na hao wazee, kwao Kitui mzee akikaa vibaya anaambiwa. Nikamwambia hapa pia huambiwa, na kesho utamkuta pale pale, tena kaja na nduguye.

Alhamisi, 2 Oktoba

Maji yamekatika mtaa mzima. Gari la maji tuliambiwa laja saa tisa, likaja jua lashuka. Tukakaa na mitungi yetu pale barazani kwa sababu ndipo penye kivuli. Wanawake watupu. Mara wazee hao, birika mkononi. Wametuona. Wakatoa salamu, wakainamisha macho, wakapita zao kwenda kukaa mbele ya kinyozi.

Hapana aliyewafukuza! Mwanamume wa hapa hakai baraza moja na wake za watu, hata umkaribishe. Nimezaliwa papa hapa, nalijua hilo tangu sijaota meno, na majuma yote haya mimi nawaza nyundo.

Nimemwambia Mueni. Kacheka mpaka kashika ukuta. Tutaanza kukaa sisi Jumapili.

Jumamosi, 4 Oktoba

Nimepita nyumba kwa nyumba kuwaita wanawake. Wengine wamekubali, wengine waume zao wamewakatalia. Mmoja kauliza tutakaa mpaka lini. Mpaka wachoke, nikamwambia. Akauliza nani, wao au sisi?

Mussab, mume wangu, kanambia namtia aibu. Ami Barakat ndiye aliyeongoza posa yetu, vipi mkewe akamnyang'anye baraza. Nikamkumbusha kuwa ana binti. Kala chakula chake. Hakunikataza, lakini hakuniruhusu pia.

Jumapili, 5 Oktoba

Naandika papa hapa barazani, daftari pajani, mikono ipate kazi. Tumekuja wanne! Jana waliitikia nusu ya mtaa. Mimi, Mueni na kitana chake, amsuka mtoto, na mama wawili wa nyumba za nyuma, mmoja tayari aulizia saa. Mwisho wa baraza, upande wa lango, pamebaki nafasi, na nafasi hiyo yanitisha. Wazee wengine hawatakaa na sisi, najua. Lakini Ami Barakat ni mwenye sadaka. Akikaa yeye, wote watakaa.

Shaza na wenziwe wako kule konani, kwa muuza mkaa. Mpira uko kwapani. Watutazama tu, hawaji.

Adhana ya alasiri imekwisha kitambo.

Bi Kuluthum! Yuwaja polepole, mto mkono huu, ungo wa mchele mkono huu. Tumeinuka sote kumwamkia. Nikashindwa kujizuia, nikasema, Bi, si ulisema humsemi nduguyo? Akanijibu, sikuja kumsema, nimekuja kukaa. Mama ni wangu pia.

Kakaa pale pale palipobaki. Katandika mto wake, ungo kauweka kando. Nafasi imekwisha. Yule wa kuulizia saa haulizi tena.

Wazee hao, watoka msikitini. Ami Barakat mbele. Kamwona dadake, kasimama katikati ya njia. Wenziwe wamepinda kwa kinyozi, yeye hajapinda. Naandika mbio, mwandiko wenyewe hausomeki.

Aja. Hana budi, hawezi kumpita dadake bila kumwamkia. Kainama, shikamoo dada. Marahaba. Kisha kasimama wima, atafuta pa kukaa na wala hapana pa kutafuta. Auangalia ungo. Kamwambia kwa sauti ya chini, lakini nimemsikia: niondolee ungo, dada.

Bi Kuluthum katia mkono kwenye ungo, hakuusogeza. Achambua mchele, punje kwa punje, kama hakuna mtu mbele yake. Mueni kaacha kitana kichwani mwa mtoto. Ami Barakat bado yuasubiri, mgongo kaupa njia, na nyuma yake Shaza kautoa mpira kwapani, yuavuka njia kuja langoni —