Mjomba, Reno Yako Nimeikata Paa

Gereji ya Mwaija,
Njia ya Ngombezi,
Korogwe.

8 Juni, 2025

Mpendwa Mjomba Mbaruku,

Shikamoo, na tena shikamoo. Ya pili ni ya Mama, amesimama mlangoni kuhakikisha nimeiandika.

Vipi hali yako huko Mwanza? Kidonda kimefunga? Mwanao Faraji aliniambia kwamba siku hizi unakwenda na magongo hadi msikitini na kurudi bila kushikwa mkono, nikafurahi siku nzima hadi wateja wakauliza nimeokota nini. Sukari unapima? Ugali umepunguza kweli, au unamdanganya daktari tu?

Sisi huku hatujambo. Masika yalichelewa, kisha yalipofika hayakutaka kuondoka, na mahindi ya Mama yamesimama vizuri. Yeye mwenyewe ni mzima isipokuwa macho. Ukungu umezidi kwenye jicho la kulia, na kila jioni ananiuliza kaka yake anakuja lini. Nimechoka kumjibu inshallah.

Ndani ya bahasha hii kuna kitu kizito kimefungwa kwenye kipande cha kanga. Tafadhali usikifungue kabla ya kumaliza kusoma. Nakujua wewe, ungeanza na nyama ukaacha ugali.

Ningeweza kukupigia simu, lakini simu utaikata. Barua hata ukiitupa chini utaiokota. Basi nakiri mapema ili moyo wangu utulie: ile Reno yako uliyoiacha uani kwa Mama nimeichukua, na nimeikata paa.

Keti kwanza, Mjomba. Kunywa maji.

Unaikumbuka uliiachaje? Uliisogeza hadi pembeni ya jiko la Mama ukasema utarudi nayo mwaka ujao, ukapanda treni. Miaka ikapita, kuku wakahamia. Wa kiti cha mbele walikuwa wakigombana na wa kiti cha nyuma, na jogoo mmoja akajifanya dereva. Kutu ilikuwa imekula sakafu hadi nyasi zikaota kwenye pedali ya breki. Lakini kila nilipokwenda kumsalimia Mama nilikuwa nafungua mlango wake na kunusa ndani, maana chini ya harufu ya kuku bado kulikuwa na harufu ya siku zile.

Siku zile uliponifundisha kuendesha katika njia za shamba la mkonge, mimi nina miaka kumi na mitatu na miguu haifiki vizuri. Makarani wenzako walicheka, wakauliza msichana atapeleka wapi gari. Ukawajibu, "Atalipeleka anakotaka." Maneno hayo mawili ndiyo yaliyonifungulia gereji hii. Sijawahi kukuambia, basi leo nakuambia.

Lakini mwezi wa kumi mwaka jana ulipotoka hospitali, nilipokuomba uje nyumbani, ukanijibu kwenye simu: "Mwanangu, mimi sasa ni mzigo. Mzigo hauendi nyumbani, hupelekwa." Ukakata. Nilikuwa nimeshika spana na sikujua niiweke wapi. Wewe uliyekuwa ukitupakia watu saba hadi Handeni kwenye matanga, mbuzi juu ya paa, na kwenye kilima tukashuka wote kusukuma isipokuwa mbuzi! Usiku ule sikulala. Asubuhi nikamwita Julius.

Julius ni fundi wa kuchomelea, Msambaa wa Bumbuli, mkimya, na anaimba kwaya. Tunafanya kazi pamoja mwaka wa sita sasa. Nilimweleza kwamba mjomba wangu hana mguu wa kushoto, na mguu wa kushoto kwenye gari kazi yake ni klachi tu. Kukiwa hakuna klachi, mguu wa kushoto haudaiwi kitu. Akafikiri, akatoa simu, akanionyesha video za huko nje, watu wamechukua vigari vya zamani vya wanyonge, wakavikata paa, wakavipachika injini kubwa bila boneti. Anasema vinaitwa hotirodi. Nikamwambia, basi tutatengeneza yetu.

Tukaipakia Reno kwenye lori hadi gereji. Kesho yake Julius amewasha grainda, kuku akatoka chini ya kiti cha nyuma anapiga kelele. Alikuwa anaatamia mayai kumi na moja na hakuna aliyemwona! Nikampigia Mama kumwambia nampelekea kuku wake. Mama akafoka: "Kuku akiatamia hahamishwi. Subirini!" Basi Mjomba, gereji nzima ikasubiri majuma matatu. Wateja wanakuja, Julius anawaomba waongee taratibu. Mimi namwekea maji kwenye kifuniko cha rejeta. Vifaranga tisa vilipototolewa ndipo tukapewa ruhusa ya kukata.

Tulinunua Noah iliyopinduka, tukachukua injini yake, giaboksi otomatiki isiyotaka klachi, na difu ya kuzungusha matairi ya nyuma. Chasisi ya Reno ilikuwa kama mkate wa jana, kwa hiyo Julius alichomelea nyingine ya chuma kipya na kuipachika bodi yako juu yake. Matairi ya nyuma ni mapana, ya mbele membamba. Injini iko wazi mbele, inaonekana yote, haina aibu. Viti nimevijaza nyuzi fupi za mkonge kutoka Ngombezi, na vyuma tumevisugua kwa mkonge huohuo hadi vikang'aa. Rangi alichagua Mama, kijani kilichokolea, akasema hiyo ataiona hata kwa jicho bovu.

Ile gia yako iliyotoka kwenye dashibodi kama mpini wa mwavuli nimeiacha palepale. Haivuti kitu wala haisukumi kitu. Lakini najua mkono wako utaitafuta, na sikutaka uikose.

Paa halikupotea. Mama alidai banda, kwa kuwa tumewanyang'anya kuku wake nyumba. Julius akaweka paa la Reno juu ya miguu minne ya chuma, na kuku wamehamia bila kinyongo.

Sasa nikaingiwa na hofu. Hesabu za mguu mmoja nilizifanya kichwani tu, na mimi nina miwili. Je, ukikanyaga breki ghafla mwili wako utashikwa na nini? Ndipo nikafunga mguu wangu wa kushoto kwa kanga, nikaukunja na kuukaza kwenye kiti, nikaingia njia za shamba la mkonge zilezile. Barabara kuu sijaigusa, karatasi zake bado zinashughulikiwa. Mara ya kwanza niliyumba nikaenda kuangukia usukani. Julius akaongeza mkanda wa kifuani na sehemu ya kuegemeza nyonga upande wa kushoto. Mara ya pili, bado. Mara ya nne nilikwenda hadi mwisho wa shamba na kurudi, nikafunga breki, nikageuza, nikarudi kinyumenyume, kwa mguu mmoja, Mjomba, kwa mguu mmoja tu. Injini ile ikikohoa, ndege wote wanaruka.

Kwa furaha nikaenda moja kwa moja kwa Mama, nikafungua mlango nishuke, nikasahau kwamba nimejifunga. Nilianguka kichwa mbele katikati ya kuku. Mama alicheka hadi akakaa chini. Nikafungua ile kanga nikaanza kucheka nami, kisha nikajikuta nalia, maana mguu ulikuwa umekufa ganzi na nilikuwa nauona wako.

Basi hiyo ndiyo habari. Najua utasema, "Mwaija amechukua gari langu bila ruhusa." Ni kweli. Lakini wewe ndiye uliyetusimulia sheria ya Bibi, kwamba katika ukoo wetu mpwa akichukua kitu cha mjomba wake haitwi mwizi. Mjomba akiona uchungu, hatumi mtu na hapeleki maneno. Anakuja mwenyewe, anakaa kizingitini kwa mpwa, analalamika hadi amalize, anapikiwa, ndipo anasamehe au anataja faini. Si ulichukua beberu wa mjomba wako mwenyewe kule Handeni? Akatembea siku mbili na fimbo yake kuja kulalamika, akala siku tano, akasahau alichofuata.

Kwa simu malalamiko yako hayapokelewi. Kwa Faraji pia hayapokelewi. Kizingiti changu nimekisawazisha kwa saruji ili magongo yasiteleze. Katika vile vifaranga vya kiti chako cha nyuma, mmoja amekuwa jogoo mkubwa mwenye kiburi. Huyo simwuzi wala simchinji kwa ajili ya mgeni yeyote. Anakungoja wewe.

Msalimie sana Faraji na mkewe, na watoto wote nyumbani hapo. Mwambie Faraji asikulete kwa gari lake, akupandishe basi tu na kukuaga. Ukishuka stendi ya Korogwe mimi nitakuwepo. Julius anakusalimu, anasema anaogopa kukutana nawe kwa sababu ya lile paa. Mama anasema hana salamu nyingine, nyingine atakupa uso kwa uso wakati bado anauona.

Mwenyezi Mungu akupe afya, aufunge uchungu wako kama alivyofunga kidonda, na akurudishe kwetu ukiwa umeketi mahali pako.

Mpwa wako akupendaye kuliko anavyoogopa faini yako,
Mwaija

Sasa unaweza kufungua kile kitambaa. Ni kipande cha ile kanga niliyojifungia mguu, na ndani yake ni ufunguo wa gari. Sikuchonga wa pili. Gari liko uani kwa Mama, pembeni ya jiko, na kuanzia leo hakuna mtu mwingine anayeweza kuliwasha.