Bibi Amekubali Kupanda

Mlali, Kongwa

Dada Hilda,

Shikamoo yangu ipokee kwa mikono miwili, maana huwa siitoi hovyo. Huku tu wazima, na mimi nazidi kupendeza.

Tatizo lilikuwa Bibi yetu. Mhubiri mgeni alisema vita na ukame ni dalili za mwisho, basi akagoma kupanda mtama, na usingizi ukamkimbia.

Akaniambia, kwa utani wake wa bibi na mjukuu, "Mume wangu, nimpandie nani? Naogopa Yesu akija ataniruka."

Mimi niliyeishia darasa la sita nikamhubiria. "Mke wangu, kila mwaka unapanda kwenye vumbi kabla ya mvua. Nani hukutajia siku yake?"

"Hakuna. Najua tu itakuja."

"Na Yesu hakutaja siku. Alisema yuko nasi mpaka mwisho. Aliyekufia msalabani atakurukaje?"

Alinitazama, kisha akacheka mpaka akashika mbavu. "Kumbe nimeolewa na mchungaji." Akachukua jembe.

Jana tumemaliza shamba lote. Wingu halijaonekana hata moja, lakini Bibi anakoroma hadi kuku wanashtuka. Wewe huko Nzuguni njoo tuvune, mvivu mkubwa.

Mdogo wako,
Matonya