Nilimzua Shawana, Sasa Chuo Kinamtaka

Kwako Bi Tamima, shikamoo.

Nakuomba uniokoe kabla ya Jumanne ya wiki ijayo, maana baada ya hapo nitakuwa ama mwanafunzi wa chuo kikuu ama kichekesho cha Mji Mkongwe mzima, na jina langu tafadhali ulifiche.

Mimi ni mwanamme wa miaka arubaini na saba, nina mke na watoto watatu, kazi yangu ni kutembeza watalii mjini, nilianza kama papasi, yaani wale vijana wanaowaganda wageni bandarini bila kuitwa, sasa nina leseni na kitambulisho cha kuvaa shingoni na nasema Kitaliani mpaka Wataliani wananiuliza nimezaliwa mji gani kwao, ila skuli niliishia kidato cha pili baba alipofariki, na hilo, Bi Tamima, limenikaa rohoni miaka yote, nawasimamisha wageni mbele ya majumba nawaeleza karne na masultani, halafu nikirudi nyumbani najiuliza haya ninayoyasema nani kanifundisha, maana mengi nimeyaokota kwa wenzangu, nao wameyaokota kwa wenzao.

Basi mwaka jana nikasikia kwamba watu wazima wasio na vyeti wanaweza kuomba chuo kikuu kwa njia yao, unafanya mtihani, unakusanya jalada la kuonyesha ulichojifunza kazini, kisha unaitwa kwenye usaili, nikajaza fomu kwa siri, mke wangu Mwanakheri hakujua mpaka aliponifuma chooni na kitabu cha historia, na mtihani nikafaulu, Bi Tamima, nilifaulu! nikalia palepale dukani mbele ya kijana wa kompyuta aliyenifungulia majibu, naye akanipa karatasi ya kuchapia nifutie machozi. Nakitaka chuo hiki kuliko nilivyopata kutaka kitu tokea nilipokuwa namposa Mwanakheri. Kilichobaki ni usaili, na huko ndiko balaa liliko.

Miaka ishirini na mbili iliyopita nilikuwa na kundi la wageni mbele ya nyumba moja ya mtaa wa Kiponda yenye dirisha la juu lililozibwa kwa mawe na chokaa, bibi mmoja akaniuliza kwa nini limezibwa, wote wakanigeukia, na mimi nikafungua mdomo nikasema hapo alikuwa akikaa mwari akiitwa Shawana, aliyekuwa akimdondoshea nahodha mmoja kikuba chake, kile kishada cha asumini na rehani cha kuvaa kifuani, kila akipita kwenda sokoni, baba yake akagundua, akaliziba dirisha, na Shawana hakuliona jua tena mpaka siku ya kutolewa ndani ya jeneza. Wageni wakalia. Wiki ileile nikamuuliza ami yangu Ahmada, ambaye ni fundi muashi, akacheka mpaka akapaliwa, akasema, "Dirisha lile nimeliziba mimi kwa mkono wangu. Mwenye nyumba kaoa mke wa pili, na kabati la bi harusi halina ukuta wa kuegemea."

Ningekoma hapo, lakini sikukoma, hadithi ilikuwa tamu na wenzangu wakaidaka, sasa kila mtembezaji anaisema, kuna mkahawa umeitwa Shawana, kuna mchoraji anauza picha za Shawana, amejitokeza Bi Maryam mmoja anaapa kwamba Shawana ni dada wa bibi yake, na mimi mwenyewe siku moja nimejikuta napita pale nasema Mwenyezi Mungu amrehemu.

Sasa mhadhiri mmoja wa chuo hicho, Dkt. Rawiya, alinihoji miaka kumi iliyopita, akamtia Shawana kitabuni mwake kuwa ni simulizi ya wenyeji iliyorithiwa kizazi kwa kizazi, na mimi akanitaja kuwa ni "mzee wa mjini", nami nilikuwa na miaka thelathini na saba. Nikaona fahari, nikautia ukurasa ule kwenye jalada langu, mbele kabisa. Kumbe yeye ni mmoja wa watakaonisaili! Juzi kanipigia simu kwa furaha, kasema, "Ndugu yangu, utapewa dakika kumi na tano. Tusimulie Shawana kama ulivyonisimulia mimi, wenzangu nao wakusikie."

Nikisimulia nitapata nafasi kwa uongo, kisha nikae miaka mitatu darasani kwa mwalimu niliyemdanganya, na nikisema kweli nitamuaibisha mbele ya wenzake na chuo nikikose. Mwanakheri ananiambia, "Kaseme, uingie, kisha utatubu. Hivyo vitabu vyengine unadhani wameandika malaika?" Na mwenzangu Mudrik, tunayetembeza pamoja, ananiambia, "Ukimuua Shawana umetuua sote. Mimi nshawaahidi wageni wa kesho kuwa nnalijua kaburi lake."

Nifanye nini, mama yangu?

Mtembezaji, Mji Mkongwe

*

Marahaba, mwanangu.

Umeniomba nikufiche jina, kisha umenitajia mtaa, dirisha, mkahawa na ami aliyeliziba. Jina nimelificha. Mengine umejivua mwenyewe.

Kwanza nikueleze langu. Sikukuu iliyopita nilijiwa na wageni kutoka Maskati, na mimi kwa ujuzi wangu nikawachukua kwenda kuliona dirisha la Shawana. Nikasimama pale Kiponda na buibui langu, nikatoa leso, nikalia. Nikawaambia, "Jamani, wanawake tumeteswa!" Wakalia na wao. Wanawake watano wazima tumesimama njiani tunalilia kabati! Barua yako nimekaa nayo siku mbili kabla ya kuijibu, kwa sababu maneno yaliyonijia siku ya kwanza mhariri asingeyapitisha.

Na lililoniuma zaidi ni hili. Wanawake waliofungiwa kwenye majumba yale walikuwepo kweli, na majina yao hakuna anayeyajua wala mkahawa hawakufunguliwa. Wewe umetuletea mmoja wa kutunga, mwenye nahodha na kikuba, akawafunika wote. Bibi yule alikuuliza kwa nini dirisha limezibwa, jibu lilikuwa "sijui", na kwa ami yako kulikuwa na jibu la kweli ambalo ungelipata kabla wiki haijesha. Hukuweza kusubiri wiki moja.

Haya, nimemaliza kufoka, au niseme nimepumzika kidogo. Mtu aliyeachia kidato cha pili akakaa chooni na kitabu mpaka akaufaulu mtihani wa chuo kikuu akiwa na miaka arubaini na saba, huyo simbezi. Nakupa mkono. Na usidhani sijaona kwamba umedanganya kila siku kwa miaka ishirini na mbili bila kuniandikia, ila leo, ilipokuja habari ya kumdanganya mwalimu, usingizi umekuruka. Hiyo ni dalili nzuri. Ungekuwa huna haya, Jumanne ungeingia pale ukamwaga machozi ya Shawana, ukatoka na barua ya kukubaliwa.

Mkeo mpende, ila ushauri wake uuache hapohapo alipoutoa. Toba ya kuwekewa tarehe mbele, mtu anakwenda kuomba nafasi kwanza, sijapata kuisikia. Huyo Mudrik mwambie kaburi alilowaahidi wageni atafute wa kulilalia, maana Shawana hayumo.

Sasa sikiliza, na ufanye kama nnavyokwambia. Usisubiri Jumanne. Jina lililo juu ya kitabu kile ni la Dkt. Rawiya, si lako, na ukimfungulia siri hiyo mbele ya wenzake utakuwa umejisafisha wewe kwa kumchafua yeye; ndiyo maana jibu hili nakutumia wewe kwanza, na gazetini halitoki mpaka Jumanne ipite. Mpigie kesho asubuhi, umuombe saa moja ya faragha, uende mwenyewe ofisini kwake. Usimwandikie ujumbe wa simu. Ami yako Ahmada kama miguu bado inamchukua, mchukue, kwa sababu katika mambo haya yote yeye ndiye peke yake aliyesema kweli tokea mwanzo, na hakuna aliyemhoji. Ukifika, fungua jalada lako, ule ukurasa wa mbele uchomoe kwa mkono wako, umpe, kisha umwambie mambo kama yalivyokuwa.

Uamuzi wa kukuacha kwenye orodha au kukutoa utakuwa wake na wenzake, usijaribu kuugusa. Wakikuacha, zile dakika kumi na tano waeleze hadithi ile imekwendaje: nani aliidaka kwanza, nani aliongeza nini, Bi Maryam aliingia mwaka gani, na ilifikaje kuandikwa kitabuni. Umeiona ikizaliwa na umeiona ikikua. Nadhani watu wa historia watataka kuyajua hayo, ila mimi si mhadhiri, na sikupi hili liwe ujanja mpya wa kupatia nafasi. Unaweza kusema yote hayo na ukakataliwa.

Ukikataliwa, mwakani fomu zitatoka tena. Utakuwa na miaka arubaini na minane, na hiyo utakuwa nayo tu, uombe usiombe. Mtihani umeshaufaulu mara moja, kichwa hakijakwenda popote. Na kuanzia mgeni wako wa kesho, akikuuliza lile dirisha, mtajie fundi na kabati. Watacheka badala ya kulia, na watakuuliza mengine.

Najua unachokiogopa zaidi kuliko yote ni ile saa moja ofisini. Nitakwambia itakavyokuwa. Dkt. Rawiya atakasirika, na ana haki, miaka kumi amekuwa akiutetea uongo wako bila ya kujua. Atakwambia maneno ambayo mtu mzima hapendi kuambiwa. Wewe kaa hapohapo mpaka amalize. Usijitetee, usilie, na hata kimya kikizidi ukaona mdomo unakuwasha, usimsimulie kitu.

Bi Tamima