Chui na ufito wa mwanzi

Jumatano, Heru Juu

Sikutarajia Neema arudi mazoezini leo, baada ya Chui kumgomea jana kutwa. Mbwa huyo alikuwa wa kaka yake, mlinzi mwenzetu tuliyemzika mwezi uliopita. Bosi ameshasema Chui asipokubali mtu mpya atachomwa sindano ya kumuua. Hilo nimeshindwa kumwambia Neema.

Tulianza na kiunzi cha chini kabisa, ufito wa mwanzi juu ya matofali mawili. Chui akalala mbele yake, macho barabarani.

"Anamsubiri kaka," Neema akasema.

"Usimlazimishe. Ruka wewe kwanza, atakufuata."

"Mwalimu, hata mimi namsubiri."

Akakaa chini kando ya mbwa mpaka nikaanza kukusanya vifaa. Ndipo akainuka, akalegeza kamba, akauvuka ufito taratibu. Chui akaruka nyuma yake.

Bosi alikuwa getini, ameona yote. "Basi mbwa abaki naye," akaniambia, akaingia ndani.

Neema alikuwa amemkumbatia Chui shingoni, analia. Kwenye mazishi hakulia. Nikaviacha vifaa palepale, nikaenda kusimama mbali kidogo.